Nyama Iliyowekwa Mbele ya Mbwa

Nakiri mapema: katika habari hii mjinga ni mimi. Nimeshaisimulia mara nyingi, na kila mara nimejaribu kuisogeza kidogo ili ujinga umwangukie mtu mwingine. Nimejaribu kumtwika koplo, nimejaribu kumtwika mama wa pombe, hata mbwa mwenyewe nimemjaribu. Inateleza, inarudi kwangu. Basi cheka tu, nimezoea.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule niliishia darasa la saba, lakini mdomo wangu ulikuwa umesoma kunizidi. Kazi yangu ilikuwa kulinda godauni la kahawa upande wa viwandani, chini ya mtaa wa Bugolobi. Mwenyewe wa zamani alikuwa mzee wa Kihindi. Wenzake wote walipoambiwa waondoke nchini, naye alifunga sanduku moja, akaacha godauni, mizani, kalenda ukutani na mbwa. Godauni akapewa afande mmoja mkubwa wa jeshi, na mbwa akaingia humo humo pamoja na mizani.

Alikuwa mbwa mkubwa, kifua kirefu, kiuno chembamba kama msichana wa kucheza ngoma, mgongo mweusi na miguu rangi ya chai ya maziwa. Jina lake silitaji. Na yeye ana heshima yake.

Yule mzee alikuwa amemfundisha jambo moja: asile kitu chochote mpaka aambiwe na mtu anayemlisha. Wezi wa siku zile walikuwa wanatupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, wanangoja mbwa afe, kisha wanaingia polepole kama wageni wa harusi. Huyu hata ungemtupia ng'ombe mzima asingegusa. Mzee alipojua ataondoka, alinikalisha uani wiki nzima. Anaweka bakuli, mbwa anakaa, mimi nasema "Haya," mbwa anakula. Siku za kwanza mbwa alikuwa anamtazama mzee kwanza. Siku ya sita akanitazama mimi. Mzee akafuta miwani, akaniambia kwamba funguo za godauni angeweza kumpa mtu yeyote, lakini hilo neno alikuwa ananipa mimi. Mimi nikajibu kwa utani kwamba ni bora angenipa baiskeli. Hakucheka.

Sasa nyama. Afande alimpenda huyo mbwa kuliko sisi wafanyakazi wote tukipimwa pamoja. Alikuwa anawaleta wageni kumwonyesha mbwa asiyekula mpaka aambiwe. Akatoa amri kwamba kila siku mbwa apate nyama kutoka bucha ya kambini. Na mjini wakati huo sukari ilikuwa imepotea, chumvi imepotea, sabuni unaisikia tu kwa watu. Mimi nakula posho, ule ugali wa mahindi, na maharage yenye wadudu, na mwenye miguu minne anakula steki.

Nyama ililetwa saa sita mchana na koplo, dereva wa Afande, mtu mrefu wa kutoka nchi ya wafugaji. Amri aliyopewa ilikuwa ahakikishe nyama imewekwa mbele ya mbwa. Koplo alikuwa askari wa kweli, anafuata amri jinsi ilivyotamkwa. Mimi naweka bakuli chini, mbwa anakaa, koplo anaona kwa macho yake kwamba nyama iko mbele ya mbwa, anapanda gari anakwenda zake. Siku moja aliniuliza mbona simwambii ale. Nikamwambia anasali kwanza. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Koplo akishapotea kwenye kona, nainama nachukua bakuli.

Nilianza na kipande kimoja, kama kodi. Baada ya wiki kodi ikapanda ikawa nusu. Baada ya wiki nyingine nikawa nachukua yote, nachoma kwenye jiko la makaa nyuma ya mizani. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpelekea bibi yangu aliyenilea. Sikumpelekea. Ningemwambia imetoka wapi? Kipande kimoja nilikuwa nampa mama aliyepika kwete nyuma ya ukuta wetu, hiyo pombe ya mahindi na ulezi, na yeye ananipa ndoo ya machicha yanayobaki akishakamua. Machicha hayo watu huwapa nguruwe. Mimi niliyachanganya na posho, nikaweka mbele ya mbwa, nikasema, "Haya."

Siku ya kwanza alinusa, akainua kichwa, akanitazama. Mbwa ana pua, bwana. Alijua kabisa kwamba hiki si chakula chake. Lakini nilikuwa nimesema neno, akala. Hilo nimekuja kulifikiria baadaye sana. Wakati ule nilifikiria kuongeza pilipili kwenye nyama yangu.

Mambo yaliharibika siku moja yenye joto, baada ya chakula cha mchana. Machicha yalikuwa ya juzi, yanatoa povu. Mbwa alikuwa na njaa, akafagia bakuli zima kwa pumzi moja, akanywa maji nusu ndoo, kisha lori likapita nje naye akalikimbiza ndani ya ukuta mpaka mwisho na kurudi, mara nne. Baada ya muda nikamwona anatembea ovyo. Anakaa, anainuka. Anataka kutapika, hakitoki kitu, ute tu unaning'inia. Anageuka kutazama ubavu wake kama kwamba kuna mtu amemgusa.

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Niliwaita wapakiaji waje waone mbwa aliyelewa. Tukasimama duara, mmoja akamwimbia. Nikamshika miguu ya mbele nikamchezesha dansi. Naandika hili polepole kwa sababu sipendi kuliandika.

Koplo ndiye aliyetukuta. Alikuwa amerudi kuchukua magunia. Alitusukuma, akapiga goti, akagonga ubavu wa mbwa kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Ubavu ukajibu ngoma. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka mbavu hazionekani.

"Hii hapana pombe," koplo akasema. "Hii ni upepo. Ng'ombe nakufa namna hii."

Nikamwambia labda atajamba, itaisha. Koplo akanitazama.

"Afande narudi baada ya wiki mbili," akasema. "Mbwa ikikufa, mimi sikujui. Sijawahi kukuona."

Hapo kicheko kilinikimbia, hata leo sijui kilienda wapi. Siku zile kama mkubwa wa jeshi anataka kujua kwa nini kitu chake kimekufa, hakuandikii barua. Jirani yetu mmoja alikuwa ameitwa nje aulizwe swali dogo tu. Kiatu chake kimoja kilibaki mlangoni na mke wake hakukiondoa mwaka mzima.

Tulimpakia mbwa kwenye gari juu ya magunia, mimi nimemshika kichwa. Ufizi wake ulikuwa umepauka kama karatasi. Koplo aliendesha kwenda Nakivubo kama anakwenda vitani. Huko nyuma ya maduka kulikuwa na daktari wa mifugo, mzee mfupi mwenye koti lililowahi kuwa jeupe. Yeye hakupiga maneno. Alinyoa nywele kidogo ubavuni, akachoma sindano nene ya kutobolea ng'ombe. Upepo ukatoka kwa mlio wa tairi. Chumba kizima kikanuka kwete.

Akapitisha mpira mdomoni mpaka tumboni, akamwaga maji, akamwinamisha. Yakatoka machicha. Daktari akayatazama kwenye beseni. Kisha akafungua daftari, akachukua kalamu, akaniuliza, "Huyu anakula nini kila siku?"

Sasa lazima mnielewe. Swali lenyewe lilikuwa jema. Lakini siku zile mtu akikuuliza swali huku ameshika kalamu, unajibu kwa kifupi na jicho linatafuta gari lake, lina buti la nyuma la kumtosha mtu au halina. Hatukuwa tena na majibu ya kweli mfukoni. Tulikuwa tumeyaacha nyumbani.

"Nyama," nikasema. "Nyama na posho kidogo. Leo tu aliiba machicha ya jirani."

Daktari akaandika. Koplo alikuwa mlangoni. Alijua vizuri kwamba huyu mbwa haibi, haokoti, hali mpaka aambiwe. Mji mzima wa marafiki wa Afande ulijua. Alinitazama, kisha akatoka nje kutazama matairi yake.

Upepo ulikuwa umetoka lakini tumbo lilikuwa limejipinda. Daktari alinieleza kwa mkono: unavyosokota mdomo wa gunia kabla ya kufunga, hivyo ndivyo lilivyo, mpira umepenya kwa shida tu, na damu haipiti. Ilibidi afungue. Mimi nilishika miguu. Alilizungusha tumbo mahali pake, akalishona kwenye ukuta wa ndani lisizunguke tena, akafunga. Alipomaliza, akasema kazi yake ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa yangu.

Akanipa masharti. Siku ya kwanza maji kwa kijiko tu. Kuanzia ya pili, chakula laini, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Asikimbie, asiruke, atembezwe kwa kamba kama mgonjwa wa hospitali. Asilambe nyuzi. Nigonge ubavu kila baada ya muda, ukilia ngoma nimwite. Akishaanza kula haraka niweke jiwe kubwa safi katikati ya bakuli, ale akizunguka jiwe, asimeze upepo. "Na mpe kile alichozoea," akasema. "Tumbo lililochoka halitaki mgeni. Nyama uichemshe, uikatekate."

Tulimrudisha godauni. Nilitoboa gunia la unga matundu manne, nikamvalisha kama fulana ili asifikie nyuzi. Alionekana kama mzee wa kanisa aliyekosea njia. Wapakiaji walikuja kumpa pole, wengine kwa mikono miwili.

Siku ya pili koplo akaleta nyama, na safari hii hakuondoka. Niliichemsha, nikaikata vipande kama vya kumpa mtoto, nikaweka bakuli mbele ya pua yake. "Haya," nikasema.

Mbwa akaitazama nyama. Akanitazama mimi. Akageuza shingo, akaangalia ukuta.

Nikajaribu supu. Akageuza shingo. Jioni nikajaribu ini, ambalo koplo alilitafuta sijui wapi. Akageuza shingo. Maji alikunywa. Siku ya tatu vivyo hivyo, mara sita naweka, mara sita anatazama ukuta. Siku ya nne mifupa ya nyonga ilikuwa imesimama, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

Kila jioni nilitembea mpaka Katwe, kwa bibi, katikati ya mafundi wanaogonga mabati tangu asubuhi. Sisi ni Wanubi, babu wa babu yangu alikuja na jeshi la zamani kutoka Sudani, na bibi alikuwa mtu wa sheria zake. Kijana anayelambwa na mbwa kutwa nzima haingii ndani mpaka anawe mara saba, moja kwa udongo. Sabuni ilikuwa imepotea madukani lakini udongo ulikuwa haujapotea, kwa hiyo mimi nilikuwa mmoja wa watu safi wa Katwe. Bibi anasimama na birika, anamwaga, anahesabu. Nilimweleza kwamba mbwa ni mgonjwa, hataki kula. Akauliza anaumwa nini. Nikasema tumbo. Akasema maskini, akaendelea kuhesabu.

Siku ya tano asubuhi daktari akaja kwa baiskeli. Alimgusa mbwa tumbo, akasikiliza, akagonga. Alikaa chini kwenye gunia. Alisema hapati jibu. Upepo hakuna, homa hakuna, lakini mbwa anakataa hata chakula alichokula maisha yake yote. Labda kipande cha utumbo kilikufa siku ile kabla hatujafika, na sasa kinaoza ndani. Akasema itabidi afungue tena. Dawa ya usingizi ilikuwa imebaki ya mara moja. "Sitakudanganya, kijana," akasema. "Hivi alivyo dhaifu, sidhani ataamka."

Akaanza kukunja mikono ya koti.

Nilimtazama mbwa. Amelala na fulana yake ya gunia, bakuli mbele yake, shingo imegeukia ukuta. Ndipo nikaona kile nilichokuwa nakiona siku zote. Hivyo hivyo ndivyo mbwa alivyokuwa anakaa, koplo akishaondoka, mimi ninapoinama kuchukua bakuli. Siku za kwanza alikuwa anaifuata nyama kwa macho mpaka kwenye jiko. Wiki ya pili aliifuata mpaka nusu ya njia. Wiki ya tatu, nikiinama tu, anageuza shingo mwenyewe. Sikumpiga hata siku moja. Nilimfundisha bila fimbo. Na mimi nitashangaa nini? Sisi wenyewe mjini tulikuwa tumejifunza hivyo hivyo. Kitu kinatokea mbele yako barabarani, mchana, unageuza shingo unatazama ukuta.

"Daktari," nikasema. "Usimfungue."

Akaniuliza kwa nini. Daftari lilikuwa kwenye kikapu cha baiskeli, nililiona. Koplo naye alikuwa amesimama kwenye mizani na bakuli jingine mkononi. Kama ni kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Mdomo wangu, ule uliosoma kunizidi, kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu. Basi nikasema ilivyo. Nikasema hajala nyama karibu mwezi. Nikasema nani aliyekula. Nikasema habari ya machicha, na kwamba hakuiba, yeye haibi, nilimpa mimi na nikamwambia haya. Nikasema anaiona nyama, lakini anajua ni yangu.

Koplo aliweka bakuli chini taratibu.

Daktari akasema, "Nionyeshe."

Nikaweka nyama. "Haya." Mbwa akageuza shingo. Nikaondoa, nikaleta posho tupu, donge moja, nikaweka palepale. "Haya." Mbwa akainua kichwa. Akajivuta kwa miguu ya mbele, nyuma anaburuta, ananyoosha ulimi kuelekea lile donge.

Daktari aliliondoa kabla hajafika. Akanipa mgongo. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi.

"Utumbo wake ni mzima," akasema. "Bakuli ndilo linaumwa. Mlishe kwa mkono wako. Kaa chini."

Nikakaa chini, kwenye vumbi la kahawa. Nikachukua kipande kimoja cha nyama kwenye kiganja. "Haya." Alinusa kiganja, sio nyama. Akanusa kifundo, akanusa mpaka kwenye kiwiko. Nikasema tena, sasa kwa sauti ambayo sikuwa nimeikusudia, ilitoka ndogo. Akalamba nyama bila kuichukua. Akanitazama kuona kama nitainama.

Sikuinama. Akaichukua.

Hiyo ilikuwa kazi yangu siku zilizofuata. Mara sita kwa siku, vipande kumi, baadaye ishirini, kimoja kimoja kutoka kiganjani, naye kila kipande ananiuliza kwanza kwa macho. Nagonga ubavu, nasikiliza. Namtembeza kwa kamba kando ya ukuta, hatua za bibi harusi. Siku aliyokwenda haja kubwa nilimpigia makofi, na wapakiaji wakapiga pia, na koplo akatoa sigara akagawa. Nikifika Katwe bibi anamwaga birika mpaka analalamika kwamba kisima kitakauka kwa ajili ya mbwa wa watu. Nyama sikugusa. Sio kwamba nilikuwa nimekuwa mtu mwema. Harufu yake ilinikataa.

Ila bakuli lilibaki. Nikiweka nyama kwenye bakuli, anageuza shingo. Na Afande hawaonyeshi wageni wake mbwa anayelishwa kama mtoto.

Afande alirudi siku ambayo daktari alikuja kutoa nyuzi. Tulisikia gari, kisha buti, kisha akawa amesimama mbele yetu na fimbo yake ndogo chini ya kwapa. Aliona kovu.

Akamuuliza daktari nini kilitokea. Daktari alikuwa na daftari mkononi, na ndani yake mlikuwa na mwandiko wake mwenyewe kwamba mbwa aliiba machicha. Sentensi hiyo moja ingenimaliza. Hakulifungua.

"Hawa wa kifua kirefu wana hatari hiyo, Afande," akasema. "Alikula haraka, akanywa maji mengi, akakimbia. Tumbo likajipinda. Koplo wako alimleta mapema. Kijana ndiye amemuuguza."

Hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu mahali pake.

Afande akasema anataka kumwona mbwa akila. Koplo akaleta nyama. Bakuli likawekwa chini, mbwa akakaa, vizuri, kama zamani. Afande akatabasamu. Akanipa ishara kwa kidevu.

"Haya," nikasema.

Mbwa akageuza shingo.

Tabasamu la Afande likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Nikapiga magoti. Sikufikiri, naapa, mkono ulikwenda wenyewe. Niliuingiza ndani ya bakuli, katikati ya nyama, nikauacha humo, kiganja juu. "Haya," nikamwambia, na hapo sikuwa namwambia kama amri. Nilikuwa namwomba.

Mbwa akautazama mkono. Akainamisha kichwa, akala kipande kilichokuwa kiganjani. Kisha kilichokuwa kando ya kidole gumba. Kisha akaanza kula akizunguka mkono wangu, polepole, mpaka nikahisi chuma cha bakuli chini ya vidole.

"Mkono wa nini?" Afande akauliza.

"Daktari alisema awekewe jiwe, asile haraka, Afande," nikajibu. "Mimi nikaona jiwe halina huruma."

Daktari alikohoa. Afande alinitazama mimi, akamtazama mbwa, akanitazama tena kwa muda ambao hata leo nikiukumbuka naona mrefu. Kisha akacheka, akasema laiti askari wake wangekula taratibu hivyo, akaenda zake kuhesabu magunia.

Nilibaki nimepiga magoti. Daktari alifunga mfuko wake kwenye baiskeli, akachana ule ukurasa wa machicha kwenye daftari, akaukunja mara nne, akautia mfukoni kwangu bila neno. Koplo tangu siku hiyo alikuwa hatoki mpaka bakuli liwe tupu. Hakuwahi kunisema. Alivuta sigara tu, akatazama.

Jioni nilikwenda Katwe. Mafundi walikuwa wanakusanya mabati yao. Bibi alitoka na birika na kopo la udongo, nami nikachuchumaa pale mlangoni, nikanyoosha mikono, na kwa sababu kwa daktari nilikuwa nimeshaanza kusema kweli nikaona nisikate katikati. Nikamweleza yote. Nyama, jiko, machicha, dansi, daftari, mkono ndani ya bakuli. Yeye anamwaga na kuhesabu, moja, mbili, tatu. Hakuacha. Alipofika saba akaweka birika chini, akashika viganja vyangu, akavigeuza huku na huku kwenye mwanga uliobaki.

"Mikono umeisugua mpaka imepauka," akasema. "Haya, na hilo tumbo lililokula sahani ya mbwa, wewe mtoto, utalisugua kwa udongo gani?"